Farasi na Bomba la Gesi: Namna ya Kupita Salama Kandokando ya Mkuza, Dar es Salaam

Ukitoka na farasi alfajiri upande wa Kinyerezi, kuna mahali nyumba zinakatika ghafla na mbele yako unanyooka ukanda mrefu wa nyasi. Hauna kibanda, hauna mwembe, hauna hata ua wa michongoma. Farasi akiuona anasimamisha masikio, anataka kukimbia. Mpandaji naye moyo unamwenda huko huko, kwa sababu katika jiji hili uwazi wa namna hiyo ni adimu. Ule ni mkuza wa bomba la gesi. Umeachwa wazi kwa makusudi, na si kwa ajili yetu.

Nafundisha watu kupanda farasi, na kabla ya kufundisha nilikuwa saisi, nikilisha na kupiga brashi farasi wa watu wengine. Niliyoyaandika hapa ndiyo ninayomwambia kila mwanafunzi kabla sijamruhusu atoke nje ya geti letu.

Kwanza, ijue gesi yenyewe

Mabomba makubwa mawili huleta gesi asilia Dar es Salaam kutoka kusini. La kwanza lilianza kazi mwaka 2004. Linatoka kisiwa cha Songo Songo, linaibukia nchi kavu Somanga, kisha linakuja mpaka Ubungo kwenye mitambo ya umeme. Sehemu yake ya nchi kavu ina upana wa inchi 16. La pili linatoka Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015 na linaishia Kinyerezi. Hilo lina inchi 36, yaani karibu sentimita 91. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutambaa ndani yake. Kutoka kwenye hayo makubwa kuna matawi madogo yanayokwenda viwandani, Wazo Hill na Tegeta, na mengine membamba zaidi yameingia majumbani.

Wengi wetu gesi tunayoifahamu ni ya mtungi wa jikoni. Hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hukaa chini, hujaa mashimoni na kwenye mitaro. Gesi ya bombani kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Hupanda juu. Pakiwa wazi hutawanyika na upepo, lakini penye paa hujikusanya chini ya mabati. Kwa hiyo ukisikia bomba linavuja jirani, usimkimbize farasi kwenye banda lililofungwa ukidhani umemficha.

Jambo la pili ni harufu. Gesi asilia yenyewe hainuki. Ile harufu ya yai viza huwekwa na wataalamu ili mtumiaji ashtuke ikivuja. Ukiwa karibu na bomba kubwa usitegemee pua peke yake. Tumia macho na masikio, yako na ya farasi.

Watu huniuliza kama uzito wa farasi unaweza kuliumiza bomba. Farasi wa kupanda ana kilo 400 hadi 550 hivi, na bomba limefukiwa ardhini. Akilivuka kwa mwendo wa kawaida hapana dhara. Lori linalombeba farasi ni habari nyingine kabisa: lisikatishe mkuza mahali pasipo barabara, hata kama njia ya mkato inaonekana nyeupe.

Hofu yangu kubwa, basi, si mlipuko. Ni farasi kushtuka kando ya senyenge. Hilo ndilo linalovunja mikono na shingo za watu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu farasi mwenyewe.

Pili, pita njia hiyo kwa miguu yako

Usimpeleke farasi mahali ambapo wewe hujapita kwa miguu. Nenda siku moja kabla, saa ile ile utakayopanda, kwa sababu mahali palipo kimya saa kumi na mbili asubuhi panaweza kuwa na magari ya mchanga saa tatu.

Anza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mjumbe atakuonyesha bomba linapita wapi na ni njia zipi wananchi wanaruhusiwa kuvukia. Ukifika karibu na kituo chenye uzio, usizunguke zunguke nyuma yake. Mnendee mlinzi getini, msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unatembea tembea hapa?"

"Ninafundisha kupanda farasi, mzee. Kesho asubuhi tutapita barabara ile ya chini na farasi wanne. Nimekuja kuuliza kama kuna kazi yoyote ya kelele."

Swali hilo la kelele nimelipata kwa gharama. Miaka michache iliyopita nilipita na wanafunzi watatu nje ya ukuta wa kituo kimoja ambacho sitakitaja. Siku hiyo mafundi walikuwa wanapunguza mgandamizo kwenye bomba, kazi ya kawaida kabisa, wakiachia gesi kupitia mlingoti wa kutolea. Sauti yake ni mngurumo uliochanganyika na filimbi. Farasi wa upande huu wamezoea ndege zinazoshuka uwanja wa Julius Nyerere, lakini ndege husikika tangu mbali, ikikaribia polepole. Ile ilifumuka papo hapo. Jike aliyekuwa wa pili aliruka pembeni, binti aliyempanda akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Hakuna gesi iliyovuja wala mtu aliyekosea kule ndani. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza.

Katika matembezi hayo tazama pia ardhi. Baada ya masika na vuli, maji huchimba makorongo kwenye mkuza na kuacha mashimo yaliyofichwa na nyasi; mguu wa farasi ukizama humo huvunjika. Ukikuta udongo umeondoka hadi bomba linaonekana, usilikanyage wala kuligusa. Toa taarifa siku hiyo hiyo.

Nguzo fupi na mabango ya tahadhari yaliyosimikwa kwenye mkuza huwa na namba ya simu ya wenye bomba. Iandike kwenye karatasi. Sishauri kupiga picha, maana miundombinu hii inalindwa na kamera yako inaweza kukuletea maswali marefu. Chini ya namba hiyo andika 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi. Karatasi ikae mfuko wa shati, siyo kwenye mkoba wa tandiko. Farasi akikuacha chini, mkoba anaondoka nao.

Tatu, mzoeshe farasi kabla hajakutana navyo

Hapa usiwe na haraka. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa palepale mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Masikio yake hunasa sauti nyembamba ambazo sikio la mtu halizifikii. Kitu kigeni kwake ni simba mpaka athibitishe vinginevyo, na njia yake ya kuthibitisha ni kukitazama kwa umbali, kukinusa, kisha kuona kwamba wewe huogopi.

Vitu vinavyowatisha karibu na vituo vya gesi ni vilevile kila mahali: mabango ya njano, fulana za kung'aa za mafundi, maturubai yanayopigwa na upepo, geti la chuma linalogongwa, mlio wa hewa inayofoka. Vyote unaweza kuviandaa zizini. Funga turubai kwenye uzio. Mvalishe mtunza zizi fulana ya kung'aa wakati wa kulisha. Baada ya wiki moja farasi akiona fulana ile anafikiria pumba.

Kwa mlio wa hewa, mwalimu wangu mzuri amekuwa fundi pancha wa barabarani. Mashine yake ya upepo hutoa mfoko ule ule kwa kipimo kidogo. Namwomba aachie hewa kidogo kidogo nami nimesimama na farasi mbali, hatua kama mia moja, nikimshika kamba bila kumpanda. Farasi akiinua kichwa, tunabaki hapo hapo. Akishusha kichwa na kuanza kutafuna mdomo, namsifu, nampa kipande cha karoti, kisha tunarudi nyuma. Kurudi nyuma ndiyo siri. Farasi anayejua kwamba ataondolewa kwenye kitu kinachomtisha hukikaribia mwenyewe kesho yake. Anayesukumwa na fimbo hujifunza kwamba kitu kile kinakuja na maumivu.

Nenda hatua kumi kumi kila siku. Farasi wengine huchukua siku nne, wengine mwezi. Wako waliokataa kabisa, na hao sitoki nao upande wa bomba, hata mteja akiongeza pesa. Baada ya kumzoesha ukiwa chini ndipo umpande, na mara ya kwanza uwe na farasi mtulivu pembeni. Utulivu wa mwenzake unamtuliza kuliko maneno yako yote.

Nne, mavazi na vifaa

Kofia ngumu ya kupandia farasi, mkanda umefungwa kidevuni. Helmeti ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, na masikio hapa ni kazi. Viatu viwe na kisigino. Raba hupenya kwenye rikabu, yaani kikanyagio cha mguu kinachoning'inia kwenye tandiko, na mtu akianguka huku mguu umenasa anaburutwa. Suruali ndefu, fulana ya kung'aa. Mshipi wa tandiko ukaguliwe mara mbili: kabla ya kupanda, na dakika kumi baada ya kuondoka, kwa sababu farasi hujaza tumbo anapofungwa kisha akalegea njiani.

Kiberiti na sigara vibaki nyumbani. Nalisema bila aibu hata kwa wageni wakubwa. Na wale wapendao kumalizia matembezi kwa mishikaki porini, moto usiwashwe mkuzani wala karibu yake, hata wa kuni tatu.

Tano, siku yenyewe

Toka kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja ukiwa na uhakika wa kurudi kabla ya giza. Usiku hapana. Acha mtu zizini mwenye simu iliyochajiwa na mwambie njia mtakayopita. Farasi akimwangusha mtu, mara nyingi hukimbilia nyumbani, na farasi anayeingia zizini mwenye tandiko bila mpandaji ndiye anayeleta taarifa ya kwanza.

Mbele awe farasi mtulivu kuliko wote, nyuma awe mpandaji mzoefu kuliko wote. Kati ya farasi na farasi pabaki nafasi ya urefu wa farasi mmoja. Mtoto, au mtu ambaye bado anajishikilia kwenye tandiko, afungwe kamba ya kuongozwa na mtu anayetembea kwa miguu.

Kabla hamjaondoka kila mtu aujue upepo. Kwa ujumla, miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo hutoka baharini upande wa kaskazini mashariki. Kusi likishika, Aprili hadi Septemba, hutoka kusini. Lakini asubuhi na mapema upepo wa jiji hugeuka geuka, kwa hiyo rusha majani makavu uone yanaangukia wapi, au tazama singa za shingoni mwa farasi zinapepea wapi. Goshini, yaani kule upepo unakotokea, ndiko mtakakokwenda gesi ikivuja.

Sita, kuukata mkuza

Ukate mkuza, usiufuate. Vuka mahali penye barabara au njia iliyozoeleka, moja kwa moja kutoka upande hadi upande, kwa mwendo wa kutembea. Telki, yaani mwendo wa haraka haraka, hapana; shoti, yaani mbio, hapana kabisa. Mmoja mmoja, na wa mbele asimame ng'ambo kusubiri wenzake, kwa sababu farasi anayebaki peke yake nyuma ataruka kuwafuata.

Usimfunge farasi kwenye nguzo za alama. Zimesimikwa kuonyesha bomba, si kuzuia nguvu ya mnyama, na nyingine zina nyaya za kupimia kinga ya kutu. Usimwache ale nyasi pale, hujui kama zimepuliziwa dawa ya magugu. Pembeni mwa uzio wa kituo kaa mbali kiasi kwamba farasi akiruka mara mbili pembeni bado hajagusa senyenge. Mimi hutumia hatua 30. Upande wa Kinyerezi ongeza tahadhari ya nyaya za umeme mkubwa na mvumo wa mitambo. Mvumo ule hauishi, na farasi mgeni hujikaza mwili mzima tangu anapouanza kuusikia.

Saba, farasi akishtuka

Keti chini kwenye tandiko, visigino chini, pumua kwa sauti ili naye asikie. Usipige kelele na usikaze mapaja. Akiwa bado anacheza cheza mahali pamoja, vuta hatamu upande mmoja taratibu hadi kichwa kielekee goti lako, azunguke duara dogo. Akiwa tayari amepiga shoti usimvute ghafla upande mmoja, anaweza kuanguka akakulalia. Mwelekeze kwenye duara kubwa, kisha ulipunguze. Wa nyuma wote wasimame. Kumfukuza farasi anayekimbia ni kumwongezea mbio.

Nane, ukihisi gesi inavuja

Dalili ni hizi. Mluzi au mngurumo mahali pasipo mashine. Vumbi au majani yanayorushwa juu kutoka ardhini. Maji ya dimbwi yanayochemka povu hali ni ya baridi. Ukungu mweupe unaotambaa juu ya udongo, kwa sababu gesi ikitoka kwenye mgandamizo mkubwa hupoa sana. Kipande cha nyasi zilizokauka peke yake ilhali zinazokizunguka ni za kijani. Na harufu, ikiwepo. Farasi anaweza kukuambia kabla ya yote hayo: amesimama, masikio yameelekea sehemu moja, amegoma. Usimchape. Tazama anakotazama.

Ukishaona, wa mbele anyooshe mkono juu, msafara usimame, kila farasi ageuzwe. Kama wanatulia, bakini juu yao mwondoke kwa kutembea, mkikatisha upepo kwanza kutoka kwenye njia ya gesi, kisha kuelekea goshini. Piteni kwenye nyasi au udongo laini. Chuma cha kwato kikigonga zege au jiwe hutoa cheche, na methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Huwezi kujua kwa macho umesimama kwenye kiasi gani. Farasi akigoma, shuka umwongoze. Akikataa kabisa, mvue hatamu shingoni zisimnase miguu, mwachie, uondoke. Hili linauma kulisikia, na nimeona watu wakinitolea macho ninapolisema. Farasi aliyeachiwa ana mbio kuliko wewe, na uhai wa mtu hautafutwi mara mbili.

Usiguse simu ukiwa karibu. Usimruhusu bodaboda kuwasha pikipiki pale. Mpungie mkono asimame mbali. Usijaribu kufunga vali yoyote, hata kama umewahi kuona fundi akifunga. Kama ni bomba la inchi 36, usisimame kabla ya kilomita moja ukiweza. Hapo ndipo upige 114 na namba ya kwenye karatasi, useme mtaa, alama iliyo karibu, ulichoona na upepo unavuma kuelekea wapi. Kisha zuia watu wasiende kutazama, hasa watoto.

Gesi ikishawaka, hakuna wa kuuzima moto kwa maji wala mchanga. Unazimwa kwa kufunga vali za pande mbili, na hiyo ni kazi ya wenye bomba. Wewe weka ukuta, kilima au majengo kati yako na moto, maana joto lake hufika mbali kuliko ndimi zenyewe, na endelea kuondoka.

Wenye mazizi jirani na mkuza

Kama banda lako limepakana na mkuza, usichimbe shimo la nguzo ya uzio bila wenye bomba kuja kukuonyesha lilipo. Bomba likikwaruzwa na sururu huenda lisivuje siku hiyo, lakini ngozi inayolikinga na kutu imeshatoboka. Ukiwa umeligusa kwa bahati mbaya, sema, usifukie ukanyamaza. Samadi isirundikwe mkuzani, kwa kuwa hupata joto, hufuka moshi, na huficha ardhi ambayo wakaguzi wanahitaji kuiona. Majani makavu yasichomwe huko. Acha matundu chini ya kilele cha paa la banda ili gesi isijikusanye humo, ambayo yatakusaidia pia kutoa harufu ya mkojo na joto la Februari. Na geti la pili la zizi liwe upande usiotazama bomba, lifunguke kwa kusukuma kutoka ndani, na farasi wote waongozwe kulipitia angalau mara moja kila wiki wakati hakuna hatari yoyote, mpaka waijue njia hiyo hata gizani.